Ng'ombe kashuka kutoka lita 13 hadi 8 tangu nianze kukamua mwenyewe. Nakosea wapi?

#1 Mwalimu wa Zizi (Jumamosi mchana)
Wakuu salamu. Niko Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu. Nina ng'ombe mmoja wa kukamua, chotara wa Friesian, uzao wa tatu, jina lake Sikitu. Pembeni yake yupo mtamba wake (jike ambaye hajazaa bado) na ndama dume wa mwaka huu. Ranchi yote ndiyo hiyo, msicheke.

Mpaka mwezi wa saba kazi tuligawana. Mama watoto anakamua, kijana anakata majani na kuchota maji, mimi nazoa samadi jioni na kunyunyiza dawa ya kupe Jumamosi. Mwezi wa saba kijana kaenda kidato cha tano, bweni. Mwezi wa nane mama watoto kapata kizimba sokoni, saa 10 usiku yuko barabarani kuwahi ndizi zinaposhuka kwenye gari. Nimebaki mimi, binti wa darasa la pili, na kambi ya darasa la saba shuleni.

Asubuhi yangu iko hivi. Saa 10 na nusu naamka, nawasha moto, nachemsha maji. Saa 11 kasoro namwosha Sikitu kiwele, namwacha akauke huku nampikia binti uji. Saa 11 na robo nakamua. Baada ya hapo ndama anapewa chake, namwaga majani, pumba, ndoo mbili za maji, naoga mbio, saa 12 na nusu nimeshafunga geti. Jioni nakamua saa 1 usiku, tochi ya simu mdomoni.

Wiki tatu tu, lita 13 zimekuwa 8. Ng'ombe yuleyule, matete yaleyale. Mwenye kujua aniambie.

#2 Lita20
Lita 5 zinaenda kwa jirani mkuu. Uzi ufungwe.

#3 Bibi Shamba
Lita20 umeanza. Mwalimu, kazaa lini? Ana mimba? Pumba unampa kiasi gani? Na huyo mtamba ana miezi mingapi?

#4 Mwalimu wa Zizi
Shikamoo Bibi. Kazaa Februari 9. Kahimilishwa (kapandishwa kwa mrija) katikati ya Mei, hakurudia joto, kwa hiyo ana mimba ya miezi minne. Pumba ya mahindi kilo mbili asubuhi na mbili jioni, nachanganya na mashudu ya alizeti kidogo. Chumvi ya kulamba ipo.

#5 Dokta Gambuti
Kabla hamjafika kwa jirani, rudini mkasome #1. "Namwosha kiwele, namwacha akauke huku nampikia binti uji." Mwalimu, ugonjwa wako uko kwenye huo uji.

Ukigusa kiwele kwa maji ya uvuguvugu, ng'ombe anaachia homoni inayoshusha maziwa, oksitosini. Nguvu yake ni dakika 5 hadi 7 hivi. Wewe unarudi baada ya robo saa nzima, gari limeshaondoka. Unakamua yaliyokuwa yameshuka, mengine yanabaki juu. Yakibaki juu kila siku, mwili unapunguza kutengeneza. Pika uji kwanza, au umpe binti kiporo.

#6 Matete Mabichi
Dokta umenena. Ila hata angewahi, nani kasema Sikitu anamkubali? Mama mkwe wangu aliumwa mwezi mzima, ng'ombe wake akagoma kwa kila mtu. Tulipomfunga shemeji kanga ya mama kiunoni ndipo akaachia. Nimeona kwa macho yangu.

#7 Lita20
#6 hiyo chai, tena ina tangawizi.

#8 Matete Mabichi
Sina sababu ya kukudanganya, wewe hata mbuzi huna.

#9 Dokta Gambuti
Si chai. Ng'ombe akiogopa au akikutana na mkono mgeni, homoni ya hofu inazuia ile ya kushusha maziwa. Kanga ina harufu anayoijua. Hofu hiyo huwa ya siku chache lakini. Wiki tatu ni nyingi, labda kama mwalimu anamkamua huku akimfokea.

#10 Mwalimu wa Zizi
Simfokei. Namwambia tu awahi, nachelewa kazini.

#11 Ol Kalou Baridi
Hamjambo, natokea Nyandarua. Mimi naona kasoro katika masaa. Anakamua 11 na robo asubuhi kisha saa 1 usiku, hiyo ni karibu masaa 14 mchana na 10 usiku. Ng'ombe wa gredi anataka 12 kwa 12. Kiwele kikijaa sana kinajifunga.

#12 Bibi Shamba
Mwalimu, mkeo alikuwa anakamua saa ngapi?

#13 Mwalimu wa Zizi
Saa 11 alfajiri na saa 10 jioni.

#14 Bibi Shamba
Basi mama alikuwa na masaa 11 mchana na masaa 13 usiku, wala hakuwa na 12 kwa 12, na lita 13 zilipatikana. Ndugu wa Ol Kalou, sababu yako inaweza kula nusu lita, ikizidi sana lita. Tano hapana.

#15 Ol Kalou Baridi
Sawa mama, nimekubali hesabu. Swali lingine basi: maji. Ndoo mbili asubuhi, na jioni?

#16 Mwalimu wa Zizi
Mbili tena. Za lita 20.

#17 Ol Kalou Baridi
Jumla 80, na wanywaji ni watatu. Maziwa yenyewe ni maji, asilimia 87 hivi. Kila lita ya maziwa inataka lita 4 hadi 5 za maji. Kwa lita 13 Sikitu peke yake anahitaji 52 hadi 65, na huyo mtamba si mdogo. Kijana wako alikuwa anaweka ngapi?

#18 Mwalimu wa Zizi
Nimempigia, leo wanaruhusiwa simu ya matroni. Anasema alikuwa hahesabu, alikuwa anajaza lile pipa lililokatwa na likipungua anaongeza. Kwa hiyo mchana walikuwa hawakosi. Mimi nikiondoka, saa 3 pipa limekauka. Nimelipata kosa basi?

#19 Mchaga wa Kihamba
Polepole. Huku Machame kuna kina mama wanatoa ndoo tatu kwa siku na ng'ombe anakupa lita 12, kwa sababu kila siku anakula mgomba. Mgomba karibu wote ni maji. Mwalimu, unampa migomba?

#20 Mwalimu wa Zizi
Nampa, tena mingi. Rungwe ndizi hazikosekani.

#21 Mchaga wa Kihamba
Basi maji si hoja.

#22 Dokta Gambuti
Hapo ndipo pengine hoja inapoanzia. Mgomba unajaza tumbo, chakula ndani yake ni kidogo mno. Kijana aliyekuwa na muda alikuwa anakwenda kukata matete machanga. Mwalimu mwenye dakika 20 anakata mgomba ulio nyuma ya jiko. Ng'ombe anashiba na maziwa yanashuka. Mwalimu, sema ukweli: matete unayokata sasa yana urefu gani?

#23 Mwalimu wa Zizi
Yamenipita kichwa.

#24 Dokta Gambuti
Umesema "matete yaleyale". Yale yalikuwa ya kiunoni au juu yake kidogo. Haya ya sasa ni kuni. Yaliyokomaa ukate yote yaanze upya. Ukipanda miti ya malisho kama lukina au kaliandra kwenye mipaka utanishukuru mwakani.

#25 Mchaga wa Kihamba
Nyie wa Rungwe hamjui tabu. Sisi kiangazi majani tunayafuata tambarare, unakodi Kenta mko watano, dereva anashusha mzigo barabarani na juu unapanda nao kichwani. Mke wangu akirudi na mzigo hakuna anayethubutu kumwaga hata jani. Wewe una matete yanakupita kichwa unalia.

#26 Mkulima wa Simu
Nawasoma tangu mwanzo nikiwa Dar, ng'ombe wangu wako Kibaha kwa kijana. Mimi nilishushwa kutoka lita 22 hadi 15 na nikaletewa sababu zote mlizotaja: maji, majani, joto, mimba. Kila asubuhi kijana ananitumia picha ya ndoo. Siku moja nikaona pembeni ya ndoo kandambili ya bluu imelala kifudifudi. Nikarudi kwenye picha ya juzi: kandambili ileile, kifudifudi vilevile, na majani matatu yaleyale kwenye sakafu. Ilikuwa picha moja, inatumwa wiki nzima.

#27 Lita20
Nilisema kwenye #2 mkanicheka.

#28 Mwalimu wa Zizi
Mimi sina kijana, Lita20. Nijiibie mwenyewe?

#29 Bibi Shamba
Ndama amefungwa wapi usiku? Wangu mmoja hapa Muheza alikuwa anafungua fundo kwa ulimi, ananyonya, kisha anarudi kulala mahali pake kama mtawa. Tulimshika kwa sababu alikuwa na povu puani.

#30 Mwalimu wa Zizi
Yuko chumba chake, kuna ubao. Ananyweshwa kwa ndoo na nilishaanza kumwachisha. Hawezi kufika.

#31 Bibi Shamba
Ndama wa miezi saba bado yuko kwenye ndoo? Huyo alitakiwa kuwa kwenye majani matupu zamani. Unampa ngapi?

#32 Mwalimu wa Zizi
Lita moja asubuhi. Binti anamhurumia.

#33 Lita20
Wakuu lita moja imepatikana. Bado nne.

#34 Pumba Nyeupe
Wafanyabiashara tupo humu pia. Mwalimu, gunia la pumba ulinunua lini, na palepale pa siku zote? Msimu huu wapo wanaosaga maganda ya mpunga na kuchanganya. Chota kiganja, weka kwenye glasi ya maji, koroga, iache itulie. Mchanga utauona chini, maganda yataelea kama makapi ya chai. Siwasemi wenzangu, nasema pima.

#35 Mwalimu wa Zizi
Gunia jipya, ndiyo. Lilianza kama wiki nne zilizopita. Kesho napima.

#36 Ol Kalou Baridi
Na hiyo pumba unampa akiwa anakamuliwa ama baadaye?

#37 Mwalimu wa Zizi
Baadaye. Mama watoto alikuwa anampa wakati wa kukamua. Mimi naona akila anatikisika, ndoo inamwagika.

#38 Ol Kalou Baridi
Ndiyo hiyo. Amezoea malipo mkononi, wewe unamwambia njoo mwisho wa mwezi.

#39 Dokta Gambuti
Nongwa ya kuwazoesha kula wakikamuliwa ni hiyo, siku pumba haipo anakufungia bomba. Ila alishazoeshwa, mrudishie. Wakati huohuo mpime kiwele. Yeyusha sabuni ya unga kwenye maji, kamua kidogo kutoka kila chuchu kwenye kisahani chake, weka sabuni kiasi sawa na maziwa, zungusha. Ikishika ute kama mlenda, chuchu hiyo ina ugonjwa wa kiwele uliojificha. Huo haukuonyeshi uvimbe wala mabonge, maziwa tu yanapungua. Na kukamua gizani kwa tochi ya simu, mikono ya mtu mwenye haraka, ndiyo mlango wake.

#40 Mwalimu wa Zizi (Jumapili jioni)
Ndaga fijo (asanteni sana) wote. Majibu ya leo.

Pumba: yanaelea, siyo mengi, lakini yapo. Mchanga kidogo sana.
Sabuni: chuchu tatu safi. Ya nyuma kushoto imekuwa nzito kidogo, siyo mlenda, kama uji wa mgonjwa. Sijui niite nini.
Asubuhi nimepika uji kwanza na nimempa pumba akikamuliwa. Pipa nimelijaza na matete machanga nimeomba kwa jirani. Jumla ya leo lita 9 na nusu.

#41 Matete Mabichi
Ni kanga au uji?

#42 Dokta Gambuti
Hatutajua sasa. Umebadilisha vitu vinne siku moja, mwalimu, na wewe unafundisha sayansi.

#43 Mwalimu wa Zizi
Nafundisha Kiswahili na maarifa ya jamii. Na ng'ombe wangu si maabara, nataka maziwa.

#44 Mzee wa Laktomita
Napokea maziwa ya watu asubuhi, naomba niwachafulie hewa. Hii 13 ilipimwa na nani, kwa chombo gani? Wateja wangu nusu wana "lita" zao za nyumbani. Halafu ng'ombe anafika kilele wiki ya 4 hadi ya 8 baada ya kuzaa, kutoka hapo anateremka kila mwezi kidogokidogo. Sikitu yuko mwezi wa nane. Kuna mtu alimwambia mwalimu atabaki 13 mpaka Krismasi?

#45 Bibi Shamba
Kuteremka kidogokidogo sawa. Lita tano kwa wiki tatu si kidogokidogo.

#46 Mzee wa Laktomita
Ndiyo maana nimeuliza chombo.

#47 Mwalimu wa Zizi (Jumatatu usiku)
Nimejitia matatani. Kopo la mama watoto nimelipima kwa chupa ya maji ya lita moja. Kopo likijaa, chupa inabaki wazi vidole viwili. Mimi tangu mwanzo napima kwa dumu la lita 5 lenye mistari. Nimemwambia kwamba labda zile 13 zilikuwa 11. Amenijibu kwamba kwa kopo hilohilo amelipa sare, madaftari na nauli ya kidato cha tano, na anayeona ni dogo alitoe ndani ya nyumba.

#48 Lita20
Mkuu lala zizini leo.

#49 Mkulima wa Simu
Kutoka 11 hadi 8, toa lita ya ndama, imebaki mbili. Uji, maji, matete na pumba wagawane hizo mbili. Mbona tulikuwa tunapigana hapa?

#50 Matete Mabichi
Ndama alikuwa anapewa hata wakati wa mama, kwa hiyo huwezi kuitoa. Soma.

#51 Mkulima wa Simu
Haijasemwa hivyo.

#52 Mwalimu wa Zizi
Mama alikuwa anampa nusu. Binti ndiye kaongeza.

#53 Mchaga wa Kihamba
Ushauri wangu nje ya mada: uza hilo dume. Linakula, linakunywa, na mwezi wa kwanza mahitaji ya shule yanarudi. Samadi ya wawili inatosha migomba yako.

#54 Mwalimu wa Zizi
Dume ni la kijana, alipewa baada ya kumaliza kidato cha nne. Siwezi kuuza akiwa bweni.

#55 Bibi Shamba
Vizuri. Na mtamba ana miezi mingapi? Nauliza mara ya pili.

#56 Mwalimu wa Zizi (Jumanne, saa 2 usiku)
Wakuu kuna vurugu. Nimesikia kishindo, nimetoka na tochi, Sikitu anampanda mtamba! Si nilisema ana mimba?

#57 Ol Kalou Baridi
Amerudi kwa joto. Hiyo mimba haikuwepo. Miezi minne umelisha hewa, pole sana.

#58 Lita20
Kumbe maziwa yalishuka kwa mapenzi.

#59 Dokta Gambuti
Tulieni. Joto likimshusha maziwa ni siku moja, haliwezi kuchukua wiki tatu. Pia ng'ombe mwenye mimba anaweza kumpanda mwenzake, wengine hata kusimama kupandwa. Msimpelekee mhimilishaji Sikitu kabla hajapimwa kwa mkono, mirija ikiingia penye mimba unaitoa. Mwalimu, acha anayepanda. Aliyepandwa amefanya nini, amekimbia au amesimama?

#60 Mwalimu wa Zizi
Kasimama tuli. Mkia umekaa upande, na kuna ute mwangavu kama wa yai, unavutika mpaka kwenye kwato.

#61 Dokta Gambuti
Basi mwenye joto ni mtamba.

#62 Bibi Shamba
Miezi mingapi, mwanangu?

#63 Mwalimu wa Zizi
Kumi na nane, Bibi. Nisamehe. Tangu Jumamosi nahesabu lita, huyu hata sijamtazama.

#64 Bibi Shamba
Ana miezi 18 na anakula matete ya bure. Kila siku 21 anakwambia, na wewe uko na dumu lenye mistari. Kama kifua kimejaa na hajakonda, mpigie mhimilishaji sasa hivi. Umeona usiku, apandishwe kesho asubuhi, isifike jioni.

#65 Mwalimu wa Zizi
Kesho asubuhi mtihani wa darasa la saba unaanza, nimepangiwa kusimamia shule ya mbali, saa 12 gari inanichukua. Na hela ya mhimilishaji ni ile niliyoweka ya pango la kizimba.

#66 Mzee wa Laktomita
Pango linasubiri wiki, siku 21 ni wiki tatu. Chagua.

#67 Mchaga wa Kihamba
Uza dume.

#68 Mwalimu wa Zizi
Mama watoto amesoma uzi wote hapa pembeni yangu, pamoja na habari za kopo. Anasema kesho haendi sokoni, ndizi atapokelewa na shoga yake. Atashika kamba yeye mhimilishaji akija, pango atajua yeye la kusema, na alfajiri anakamua yeye.

#69 Matete Mabichi
Avae kanga ileile!

#70 Lita20
Mama akikamua tuletee lita, mwalimu. Kwa chupa, si kwa kopo.